Mjamaa achukue kadi ya chama gani? CCM, CHADEMA na ACT-Wazalendo vikitazamwa kwa pamoja

Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania bado inaitaja nchi hii kuwa ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi vya siasa. Ujamaa umebaki katika sheria mama ilhali sera za uchumi zilikwisha kuuhama zamani. Raia ambaye bado anauchukulia kwa uzito, yaani yule anayeamini kwamba matibabu na elimu ni haki ya kila mtu, kwamba ardhi na madini ni mali ya wote, na kwamba mkulima hapaswi kuzeeka bila pensheni eti kwa sababu hakuwahi kuajiriwa, hukutana na swali gumu kila anapofikiria kujiunga na chama: aende wapi?

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake. Anayetafuta chama chenye uhakika wa kushinda hana haja ya kuusoma, kwa kuwa jibu lake analijua tangu mwaka 1992. Vyama vyenye usajili wa kudumu ni zaidi ya kumi na vitano, lakini nimechukua vitatu tu. CUF na NCCR-Mageuzi vimepungua mno kwa migogoro ya ndani, na CHAUMMA, iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa sera yake ya ubwabwa kabla ya kupokea kundi la waliohama CHADEMA mwaka 2025, haijaonyesha bado inasimamia nini katika uchumi. Vilivyobaki ni chama tawala kinachodai kurithi ujamaa, chama kikubwa cha upinzani ambacho hakijawahi kuudai, na chama kidogo kilichojitangaza waziwazi kuwa cha mrengo wa kushoto.

Yapo mazingira ya kisheria yanayoufanya uchaguzi huu kuwa mzito kuliko katika nchi nyingine. Tanzania haina mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwezi Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba katazo hilo linavunja haki za raia, lakini katazo limebaki. Mbunge akihama chama anapoteza kiti chake. Sheria haiwapi wapinzani njia ya kusimamisha mgombea mmoja wa muungano kwa jina la muungano wenyewe, ndiyo maana UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani wa mwaka 2015, ulilazimika kumpitisha mgombea wake wa urais kwa tiketi ya CHADEMA. Kwa hiyo mtu hawezi kupiga siasa za uchaguzi nje ya chama, wala hawezi kuweka mguu mmoja huku na mwingine kule.

Itikadi kama ilivyoandikwa

Kwa upande wa maandishi, CCM ndiyo yenye urithi mkubwa kuliko wote. Katiba yake inaendelea kutaja Ujamaa na Kujitegemea, bendera yake ina jembe na nyundo, na tarehe ya kuzaliwa kwake, 5 Februari 1977, iliwekwa makusudi ilingane na maadhimisho ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Hata hivyo, kilichokuwa uti wa mgongo wa Azimio hilo ni miiko ya uongozi, ambayo ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, na miiko hiyo ililegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar mwaka 1991. Kilichofuata, kuanzia ubinafsishaji wa mashirika ya umma hadi kufunguliwa kwa sekta ya madini kwa kampuni za nje, kilifanywa na chama kilekile chenye katiba ileile.

Lakini si haki kusema kwamba ndani ya CCM ujamaa umekufa kabisa. Sheria za mwaka 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake, hisa za asilimia 16 ambazo serikali ilizipata katika kampuni ya madini ya Twiga, na kufutwa kwa ada katika shule za serikali kuanzia mwaka 2016 ni mambo ambayo chama chochote cha kushoto kingejivunia. Kasoro ni kwamba hayakutokana na mjadala wa wanachama. Yalitoka kwa mwenyekiti ambaye pia alikuwa Rais, na alipokuja mwenyekiti mwingine upepo ukabadilika, hadi mwaka 2023 nchi ikajikuta katika mabishano makali juu ya mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai. Mjamaa aliyemo CCM anaishi kwa kusubiri mwenyekiti wa aina yake.

CHADEMA ni rahisi kuieleza kwa sababu haijajificha. Mwanzilishi wake, Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliachia Wizara ya Fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na chama alichokianzisha mwaka 1992 kilijiweka mrengo wa kati kulia, kikawa mshirika wa umoja wa kimataifa wa vyama vya kihafidhina. Soko huria, sekta binafsi na serikali za majimbo ndiyo lugha yake ya asili. Mjamaa anayesoma sera zake za uchumi atakuta mambo mengi ya kukataa.

Ajabu ni kwamba chama hicho ndicho kilichowavuta vijana wa mijini wasio na ajira, walimu na wachimbaji wadogo kuliko chama chochote kilichojiita cha wanyonge. Orodha ya watuhumiwa wa ufisadi iliyosomwa na Dk. Willibrod Slaa katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, mwezi Septemba 2007 ilikuwa siasa ya kitabaka hata kama wasomaji wake hawakuiita hivyo. Itikadi ya viongozi na hasira ya wafuasi si kitu kimoja, na mwaka 2015 tofauti hiyo ilionekana wazi pale chama kilipompokea Edward Lowassa, mmoja wa waliotajwa katika orodha ileile, kikapata kura milioni 6 na kupoteza hoja yake kuu.

ACT-Wazalendo ilisajiliwa mwezi Mei 2014. Katika walioisukuma walikuwemo waliofukuzwa CHADEMA, na Zitto Kabwe akajiunga nayo mwezi Machi 2015. Mwezi Juni mwaka huohuo ilitangaza Azimio la Tabora, waraka uliokusudia kuhuisha Azimio la Arusha kwa mazingira ya vyama vingi na uchumi wa soko. Chama kiliiita itikadi yake ujamaa wa kidemokrasia: umma umiliki njia kuu za uchumi pale inapobidi, hifadhi ya jamii imfikie mkulima na mvuvi, viongozi watangaze mali zao hadharani, na yote hayo yafanyike chini ya ushindani wa vyama, si chini ya chama kimoja. Kipengele cha mwisho ndicho kinachokitofautisha na CCM ya zamani, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, kwa sababu kinakiri kwamba vijiji vya ujamaa vilijengwa pia kwa amri na kwa malori ya kuhamisha watu.

Kwa karatasi tupu, basi, ACT inashinda bila ubishi. Taabu inaanza pale mtu anapouliza ni nani waliomo ndani ya chama hicho na wanakipigia kura kwa sababu gani.

Chama kimoja, mizizi miwili

Katika uchaguzi wake wa kwanza, mwaka 2015, mgombea urais wa ACT alikuwa Anna Mghwira, mwanamke pekee katika orodha ya wagombea wa mwaka ule. Alipata kura 98,763, chini ya asilimia moja, akawa wa tatu. Bungeni chama kilipata jimbo moja tu, Kigoma Mjini, lake Zitto, pamoja na uongozi wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Kwa kifupi kilikuwa chama cha mkoa mmoja na cha mbunge mmoja mwenye sauti kubwa kuliko idadi yake, kwa kuwa Zitto alikuja na sifa aliyoijenga katika sakata la mkataba wa mgodi wa Buzwagi mwaka 2007 na la akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014, alipokuwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali.

Miaka miwili baadaye ikaonekana jinsi chama kidogo kinavyovuja. Mwaka 2017 Rais Magufuli alimteua Mghwira, aliyekuwa bado mwenyekiti wa chama, kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, na Profesa Kitila Mkumbo, mmoja wa waasisi na wanafikra wake wakuu, akawa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji, kisha akawa mbunge na waziri kupitia CCM. Sidhani kwamba inafaa kuwahukumu kwa usaliti; mtu aliyeamini katika umiliki wa umma, akiitwa na Rais aliyekuwa akizibana kampuni za madini, alikuwa na sababu ya kusikiliza. Somo kwa anayetaka kujiunga ni jingine: chama cha kushoto kisicho na dola hupoteza watu wake wazuri kila pale chama chenye dola kinapoazima maneno yake.

Historia ya Zanzibar ina mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo. Abdulrahman Babu na wenzake walijitoa katika chama cha ZNP mwaka 1963 wakaunda Umma Party, chama kidogo cha Kimarx kilichokuwa na vijana wenye nidhamu na uhusiano na vyama vya wafanyakazi. Kilipigwa marufuku siku chache kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, kisha makada wake wakaingia katika serikali ya mapinduzi na chama kikayeyuka ndani ya ASP, chama kilichotawala Zanzibar baada ya Mapinduzi. Fikra zao zilisikika katika nchi nzima kwa miaka kadhaa. Lakini walipoanza kuondolewa mmoja mmoja hawakuwa tena na chama cha kurudia, na Babu mwenyewe, baada ya kuachwa katika Baraza la Mawaziri mwaka 1972 na kuuawa kwa Sheikh Karume mwaka huohuo, alikaa kizuizini hadi 1978. Anayesema kwamba wajamaa wote wangerudi CCM wakaibadilishe kutoka ndani hana budi kulijibu hilo kwanza.

Tukio lililoigeuza ACT kuwa chama cha kitaifa halikuhusu ujamaa hata kidogo. Tarehe 18 Machi 2019, mara baada ya Mahakama Kuu kuamua mgogoro wa CUF kwa kumpa ushindi Profesa Ibrahim Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF Zanzibar, alitangaza kuhamia ACT-Wazalendo, na wafuasi wake wakapaka upya rangi za matawi yao, Unguja na Pemba, kwa kaulimbiu ya shusha tanga, pandisha tanga. Kwa siku chache chama kilichokuwa na jimbo moja la Bara kilirithi umma uliojengwa kwa zaidi ya robo karne.

Umma huo una ajenda yake, nayo ni Zanzibar yenye mamlaka kamili ndani ya Muungano: usawa wa nchi mbili, udhibiti wa uchumi na fedha zake, na haki kwa watu ambao tangu 1995 wameamini kwamba kura zao zinaporwa. CUF waliyoihama ilikuwa na uhusiano na vyama vya kiliberali duniani, na biashara huru ya bandari ni sehemu ya ndoto ya Mzanzibari wa kawaida wa upande ule. Hakuna aliyeulizwa iwapo amelisoma Azimio la Tabora kabla ya kupewa kadi.

Matokeo yake ni kwamba mizania ya chama imegeuka. Mwaka 2020 majimbo yote manne ya Bunge la Muungano ambayo ACT ilitangazwa kushinda yalikuwa Pemba, na Zitto akapoteza Kigoma Mjini. Huko Zanzibar, Maalim Seif alitangazwa kupata asilimia 19.87 ya kura za urais, na kwa kuwa Katiba ya Zanzibar, baada ya marekebisho ya mwaka 2010, inatoa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama cha pili kilichofikisha angalau asilimia 10, aliapishwa mwezi Desemba 2020. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, na Othman Masoud Othman akashika nafasi yake.

Basi mjamaa wa Bara anayejiunga na ACT aelewe anachokikuta. Fikra za chama zinaandikwa zaidi Dar es Salaam: Baraza Kivuli la Mawaziri lililoundwa mwaka 2022, uchambuzi wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, hoja kuhusu bima ya afya, korosho na hifadhi ya jamii. Nguvu ya chama, yaani kura, viti na nafasi serikalini, inatoka Visiwani, kwa watu ambao hoja hizo haziwasumbui wala haziwavutii sana. Hadi sasa pande hizi mbili zimestahimiliana vizuri kuliko nilivyotarajia, pengine kwa sababu kila upande unajua kwamba peke yake ni chama cha kieneo. Lakini siku suala la muundo wa Muungano litakapofika mezani kwa uzito, mwanachama wa Tabora au Mwanza atatakiwa kutetea serikali yenye mamlaka kamili Zanzibar mbele ya majirani zake, na afadhali ajiulize mapema kama yuko tayari.

Jambo la kukera kidogo ni tabia ya chama hiki kuazima wagombea urais. Mwaka 2020 kilimsimamisha Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje aliyefukuzwa CCM mwezi Februari mwaka huohuo, kisha viongozi wake wakuu wakamuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA huku jina la Membe likiwa bado kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2025 kikampokea Luhaga Mpina, mbunge wa CCM, mara baada ya CCM kutompitisha. Mpina angalau alikuwa amepigania hoja za sukari na mikataba ya umma bungeni hadi akasimamishwa, lakini chama kinachosema kinajenga itikadi kinapaswa, baada ya miaka kumi, kuwa na mtu wake aliyekulia humo.

Kushiriki au kususa

Tofauti kubwa kati ya CHADEMA na ACT leo haihusu uchumi. Inahusu namna ya kukabiliana na uchaguzi usioaminika, na hapa mjamaa hana jibu la moja kwa moja kutoka kwenye itikadi yake.

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ambao CCM ilitangazwa kuchukua takriban asilimia 99 ya nafasi, CHADEMA ilishika msimamo kwamba bila mabadiliko ya sheria hakuna uchaguzi. Tundu Lissu, aliyechaguliwa mwenyekiti mwezi Januari 2025 kwa kura 513 dhidi ya 482 za Freeman Mbowe, mwenyekiti aliyekuwepo, alikamatwa mwezi Aprili na kushtakiwa kwa uhaini, na katika mwezi huohuo chama kikaondolewa katika uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. ACT-Wazalendo ilichagua njia ya pili: kushiriki, kulinda kura, na kutowaachia wapinzani wake uwanja.

Wanaoitetea njia hiyo wana historia ya kuegemea, na inatokea kwamba historia yenyewe ni ya Tabora. Mwezi Januari 1958 TANU ilikutana katika mji huo kuamua kama ishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpigakura kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, tena kwa masharti ya kipato na elimu yaliyowaacha nje Waafrika wengi. Wajumbe wengi walifika wakiwa na nia ya kususa. Nyerere aliwashawishi washiriki, uamuzi ukaitwa wa busara, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake cha African National Congress, na TANU ikashinda.

Mfano huo una nguvu, lakini una upungufu mmoja mkubwa. Mwaka 1958 sheria ilikuwa ya kibaguzi, ila kura zilizopigwa zilihesabiwa. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimwengua Mpina. Mahakama Kuu ikamrejesha. Tume ikamwengua tena. Tarehe 29 Oktoba siku ya kupiga kura iligeuka siku ya maandamano na mauaji, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa Dar es Salaam, na Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Zanzibar, Othman Masoud alitangazwa kupata zaidi ya asilimia 20. Kigoma Mjini, Zitto aligombea tena na aliyetangazwa mshindi ni Clayton Revocatus wa CCM, maarufu kama Baba Levo, ambaye aliwahi kuwa diwani kwa tiketi ya ACT-Wazalendo.

Kwa hiyo mwenye kusema kwamba ACT ilihalalisha uchaguzi ule ana hoja, na mwenye kusema kwamba kususa kwa CHADEMA hakukuzuia chochote naye ana hoja. Binafsi naona kwamba kwa Zanzibar kushiriki kuna mantiki ambayo kwa Bara haipo, kwa sababu hata kura zinazopunjwa zinaweza kuzaa nafasi ya Makamu wa Kwanza na viti katika Baraza la Wawakilishi. CUF ilisusia marudio ya uchaguzi wa Machi 2016, na kwa miaka minne iliyofuata Zanzibar ikaendeshwa bila chama hicho serikalini. Bara hakuna mfumo wa namna hiyo: anayeshindwa anashindwa moja kwa moja, na ruzuku, inayotolewa kwa kufuata viti na kura, inapungua pia.

Hatari ya kimwili nayo lazima itajwe na anayeshauri kwa uaminifu. Ali Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alishushwa kwenye basi mwezi Septemba 2024 na kukutwa ameuawa. Kadi ya CCM haina gharama ya aina hiyo. Kadi ya upinzani inaweza kuwa nayo, na kwa hali ya sasa ya CHADEMA zaidi kuliko ya ACT, ingawa tofauti hiyo si ya kutegemea.

Nafasi ya mwanachama wa kawaida

Katika CCM ngazi ni nyingi, kuanzia shina hadi taifa, na mtu mwenye subira anaweza kupanda. Anaweza kwenda hadi Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere iliyopo Kibaha akasikia mihadhara kuhusu ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Anachokosa ni uwezo wa kupinga sera ya serikali hadharani na kubaki salama katika chama. Katika CHADEMA ushindani wa ndani ni wa kweli, kama kura za Januari 2025 zilivyothibitisha, lakini mjadala karibu wote ni wa Katiba na mbinu za mapambano, na mtu atakayesimama tawini kuzungumzia ushirika wa wakulima atasikilizwa kwa heshima kisha wajumbe watarudi kwenye ajenda.

ACT ina faida ya udogo wake. Mchumi kijana, daktari au mwanasheria anayejitolea anaweza kuandika waraka mwezi huu na akausikia mwezi ujao ukisomwa kwa waandishi wa habari kama msimamo wa chama. Uongozi umebadilika bila vurugu: mwezi Machi 2024 Zitto aliachia nafasi ya Kiongozi wa Chama na Dorothy Semu akaichukua, jambo ambalo vyama vikubwa zaidi vimelifanya kwa machozi. Upungufu wake ni matawi. Nje ya Kigoma, na nje ya sehemu za kusini ambako CUF iliacha mtandao, mwanachama wa Bara anaweza kujikuta yeye ndiye tawi.

Zipo hali ambazo jibu lake ni rahisi. Mkazi wa Zanzibar, awe mjamaa au la, ana vyama viwili tu vyenye maana, na CHADEMA si kimojawapo. Mkazi wa Kigoma au Lindi anaweza kuingia ACT na kukuta kazi inayoendelea. Anayeona kwamba Katiba mpya inatangulia kila kitu, na kwamba mabishano ya ujamaa na soko yasubiri hadi kura ihesabiwe, mahali pake ni CHADEMA, mradi asije kushangaa baadaye chama hicho kikitawala kwa sera zake zilezile za soko. Mtumishi wa umma anayetaka kusukuma bajeti ya zahanati mwaka huu, na si baada ya mageuzi, huenda akafanya zaidi kimyakimya ndani ya CCM kuliko kwa kelele nje yake; sipendi kuandika hivyo, lakini katika halmashauri nyingi ndivyo ilivyo.

Mgumu kushauri ni mjamaa wa Mwanza, Mbeya au Dodoma asiye na tawi la ACT karibu. Tatizo lake halitokani na ACT peke yake. Hakuna chama cha siasa nchini kilichojengwa na vyama vya wafanyakazi jinsi Labour ya Uingereza ilivyojengwa mwaka 1900. Vya kwetu viliunganishwa chini ya TANU, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 vikawa JUWATA, jumuiya ya CCM, na vilipopata uhuru wake miaka ya 1990 vilikuwa vimezoea kukaa mbali na siasa za upinzani. Chama cha kushoto kisicho na walimu, wafanyakazi wa mashamba na wakulima waliojipanga nyuma yake hutegemea kiongozi mmoja mashuhuri au eneo moja lenye kinyongo cha kihistoria, na ACT imetegemea vyote viwili. Mtu huyo anaweza kuchukua kadi ya ACT na kuanza tawi, lakini ningemshauri asianzie hapo. Aanzie kwenye chama chake cha wafanyakazi, kwenye ushirika wa msingi wa kijiji chake, au kwenye vikundi vya MVIWATA, mtandao wa wakulima wadogo ulioanza mwaka 1993 na ambao si chama cha siasa. Akipata huko watu ishirini wanaokubaliana kuhusu bei ya mazao na mgogoro wa ardhi, ndipo swali la kadi litakuwa na maana, kwa kuwa ataingia tawini na watu wake, na chama chochote kati ya hivi vitatu kitalazimika kumsikiliza.